Gia ya Pili Hadi Geita

Bujiku alikuwa amemaliza nusu ya chapati yake Mama Sabiti alipoanza tena.

"Mzee Bujiku, juzi nimempeleka mteja Mwanza na kurudi siku hiyohiyo. Nimeshuka kwenye gari, nikapika, nikafua. Wewe ukienda Geita tu hapo, ukirudi unatembea umejishika kiuno."

Waliokuwa wakinywa chai kwa Ritha wakacheka. Bujiku naye akacheka, ila si sana.

Kibanda cha Ritha kilikuwa kando ya uwanja wa magari ya kukodi pale Rwamgasa, ng'ambo ya makarasha ambayo husaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, kiasi kwamba watu wa pale wamezoea kuongea kwa kupaza sauti hata wakiwa kanisani. Bujiku alikuwa mtu wa Mhunze, Kishapu, miaka hamsini na nane, na alikuja huku miaka ishirini iliyopita na gari lile lile alilonalo sasa: la dizeli, refu, bati nene, na bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi juu ya paa. Kwa ajili ya bomba hilo watu waliliita Mkonga. Mama Sabiti jina lake ni Shamimu, mzaliwa wa Nyahanga pale Kahama. Aliuza mchele na vitenge miaka minane ndipo akaagiza gari lake, jeupe, lenye siti laini na kiyoyozi, gari lisilochomekwa ufunguo bali hubonyezwa kitufe likawaka kimya kimya kama halijawaka.

"La kwangu halina siri," Bujiku alisema. "Likizima nafungua boneti, naona kilichozima. La kwako likizima utafungua boneti, utaona plastiki."

"Mbona halijawahi kuzima?"

"Bado."

"Haya, bado. Na lako halijawahi kumkalisha mtu akapata usingizi."

Ritha, aliyekuwa akipepea moto, alisema bila kugeuka, "Mimi nimepanda yote mawili. La Mama Sabiti nilisinzia. La Baba Mabula nilifika." Baba Mabula ndiye Bujiku. Watu wakacheka tena, na safari hii Bujiku alicheka kwa moyo wote.

Hakuna aliyemwona Luka akija mpaka alipokuwa amesimama katikati yao, tope limempanda hadi kifuani. Luka alichimba duara moja, shimo moja la dhahabu, na Sostenes, mume wa Ritha.

"Shemeji," alisema. "Sostenes ameanguka."

Ritha aliweka chini kipepeo chake taratibu. "Ameanguka wapi?"

"Ngazi imekatika. Kaanguka chali, juu ya mawe. Yuko hai, shemeji, anaongea. Lakini tulivyomtoa analalamika hasikii mguu."

*

Walimkuta zahanati, amelala juu ya mlango wa kibanda ambao wenzake walimbebea, maana muuguzi aliyekuwa zamu, Sesta Klara, alikataza kabisa asihamishwe kutoka juu ya ule mlango. Alikuwa amemfunga shingo kwa kanga zilizokunjwa, na kifua na mapaja kwa mikanda ya shuka iliyopita chini ya ubao. Uso wa Sostenes ulikuwa na rangi ya majivu. Alipomwona mkewe alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Sogeza vidole," Klara alimwambia.

Vidole vya mguu wa kushoto vilisogea kidogo sana. Vya kulia havikusogea.

Klara aliwatoa nje kina Ritha akawaambia mambo yalivyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka asubuhi na mama aliyeshindwa kujifungua, na kwa mvua ya jana halingerudi upesi. Mgonjwa alitakiwa Geita, tena leo hii, kabla uvimbe haujaongezeka. "Na sikilizeni. Huyu mfupa wa mgongo umevunjika, sijui kiasi gani. Ule mguu wa kushoto bado una uhai. Akitikiswa vibaya, atafika akiwa hana miguu yote miwili. Kwa hiyo mnisaidie, gari gani?"

Uwanja mzima ulikuwa umewafuata. Jibu lilikuja kwa sauti nyingi kwa pamoja: Mkonga! Mto umejaa, mto haupitiki kwa kigari cha mjini, Mkonga!

"Baba Mabula," Ritha alisema. Alikuwa halii. Alimshika Bujiku mkono wa shati. "Gari lako ndilo ninalolijua. Twende."

Kwa mwaka mzima Bujiku alikuwa akingoja siku ambayo watu wangesema hivyo, hadharani, Mama Sabiti akisikia. Sasa ilikuwa imefika. Aliliangalia gari lake pale liliposimama, limeinua mgongo. Alikuwa amewaambia mafundi waongeze vyuma viwili kwenye springi za nyuma ili libebe mifuko ya mawe, na likiwa na mifuko lilikwenda vizuri. Likiwa tupu, au na mtu mmoja amelala chini, liliruka kama punda aliyeumwa na nyuki.

Klara alikuwa akimwangalia. "Linaruka?"

Mama Sabiti, ambaye siku nyingine angelijibu swali hilo haraka haraka, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwaka juzi," Bujiku alisema, "mke wangu alipasuliwa tumbo. Nilimrudisha nyumbani kwa gari hili. Hatujafika, mishono ikafumuka. Niliwaambia watu alishonwa vibaya. Alishonwa vizuri. Ni gari langu lile. Mpaka leo Zipora hapandi, nami huwa nasema anaogopa mwendo."

Alimgeukia Ritha.

"Mayu," alimwambia, yaani mama kwa Kisukuma, "mumeo alale kwenye gari la Mama Sabiti. Mimi nitatangulia mbele. Mto nitaujaribu mimi kwanza."

*

Walikunja siti za nyuma za gari jeupe, wakatandika godoro, wakaingiza mlango na mgonjwa juu yake, mshazari, kwa kuhesabu moja mbili tatu. Klara alipiga magoti pembeni yake. Ritha alikaa mbele, amejipinda nyuma, ameshika mkono wa mume wake. Luka alipanda Mkonga na Bujiku, na kamba nene ya nailoni wanayovutia mifuko kutoka shimoni akaitupa chini ya miguu yake.

Bujiku aliendesha akiangalia kioo cha nyuma kuliko njia. Mkonga uligonga kila korongo kama ulikuwa na ugomvi nalo. Nyuma yake, gari jeupe lilipita kwenye makorongo yale yale likiinama na kuinuka polepole, kama mtu anayepumua usingizini. Aliona kwa macho yake. Alikuwa amebishana na yule mwanamke mwaka mzima na hakuwahi hata siku moja kuliangalia gari lake likitembea.

Mtoni palikuwa pabaya kuliko walivyoambiwa. Pale hakuna daraja, kuna sakafu ya zege tu ambayo kiangazi ng'ombe huvuka bila kulowesha magoti. Sasa zege halikuonekana. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kwa kasi, yakivuta matawi. Bujiku alishuka, akaingia na fimbo. Maji yalimfika juu kidogo ya magoti. Aliutafuta ukingo wa zege kwa miguu, akauweka akilini, akarudi.

"Mama Sabiti, shusha vioo vyote. Nenda mwendo mmoja, usisimame, usikanyage mafuta ghafla. Nifuate nilipopita, usiende kulia."

"Sawa, mzee." Akashusha vioo.

Mkonga ulivuka kwa kishindo, maji yakipasuka huku na huku. Ng'ambo Bujiku alisimama, akashuka, akapunga mkono.

Gari jeupe liliingia vizuri. Lilikwenda mwendo mmoja, kama alivyoambiwa, na lilikuwa limepita katikati gogo la mti lilipokuja na maji, likagonga ubavu wa mbele. Gari lilisogea kulia kidogo. Tairi moja likatumbukia pale zege lilipobomoka, pua ikainama, na wimbi likapanda juu ya boneti. Kisha Bujiku hakusikia kitu. Injini ile ilikuwa kimya siku zote, lakini huu ulikuwa ukimya mwingine.

"Usiwashe!" alipiga kelele. "Usibonyeze kitu! Imekunywa maji, utaivunja!"

Tayari alikuwa anakimbilia Mkonga. Alirudi kinyumenyume mtoni mpaka maji yalipofika kwenye bampa, akaruka nje na kamba begani. Luka alifunga ncha moja nyuma ya Mkonga. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwa chini ya milango ya gari jeupe. Ndani Klara alikuwa ameinua vitambaa vyake vya kufungia visilowe, na bado mkono mmoja uko kifuani kwa Sostenes.

"Pa kufunga kamba ni wapi?" Bujiku aliuliza dirishani. Gari lake yeye lilikuwa na ndoano mbili za chuma mbele na mbili nyuma, nene kama kifundo cha mkono, mtoto angeziona. Hapa mbele palikuwa plastiki tupu.

"Kuna ringi," Shamimu alisema. "Unaifunga mwenyewe kwa kuizungusha. Iko..." Akageuka nyuma. Bujiku naye akaangalia. "Iko chini ya zulia la buti."

Juu ya zulia la buti alilala Sostenes.

Gari lilitikisika, likasogea tena, upana wa kiganja. Ritha alisema neno moja tu, "Yesu." Sostenes, ambaye hakuweza kugeuza shingo na hakuona chochote isipokuwa paa, aliuliza, "Tuko majini?"

Bujiku alivuta pumzi akazama.

Chini hapakuonekana kitu. Alipapasa. Plastiki, plastiki, kifuniko kirefu kilichofunika tumbo lote la gari. Alikosa hewa, akapanda juu, akakohoa, akazama tena. Aliingiza vidole kwenye ukingo wa kile kifuniko akavuta kwa uzito wake wote. Kikapasuka na kumchana kiganja. Nyuma yake palikuwa na chuma. Mwamba wa chuma, mpana, ule unaobeba injini. Basi na hili nalo lina mifupa, aliwaza. Akapitisha kamba nyuma ya chuma, akaifunga fundo ambalo watu wa Kishapu humfungia nalo dume la ng'ombe, lile ambalo ng'ombe akivuta zaidi linakaza zaidi. Alipotoka juu masikio yalikuwa yakilia na damu ilikuwa ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Weka gia fri. Toa breki. Shika usukani kwa nguvu, utakuwa mzito."

Alipanda Mkonga, akaingiza gia kubwa ya milimani, akaachia klachi kidogo kidogo, kidogo zaidi ya alivyowahi kuachia maishani mwake. Kamba ilipanda kutoka majini ikidondosha matone. Ikanyooka. Alisikia uzito ukija kwenye mgongo wa gari lake, bila mshtuko. Mkonga ulinguruma, tairi zikatafuta zege, zikalipata. Wakatoka.

*

Kwenye nchi kavu kioo cha dashibodi ya gari jeupe kiliwaka taa zote, nyekundu na njano, kisha kikazima chenyewe.

"Tumhamishie kwako?" Luka aliuliza.

"Vidole," Klara alisema. Sostenes alisogeza. Vya kushoto, kidogo, kama mwanzo. Klara alifumba macho kwa nukta moja. "Sitaki ahamishwe. Wala sitaki apande lile la mbele. Mnaweza kutuvuta hivihivi?"

Bujiku alimwangalia Shamimu. Jambo hili alipaswa kulisema. "Gari lako ni la otomatiki. Halitakiwi kuvutwa mwendo mrefu. Giaboksi inazunguka bila mafuta kupanda. Mpaka Geita itaungua."

"Itaungua kweli, au unadhani?"

"Inaweza ikapona. Mimi nisingeliahidi hilo."

Shamimu aliweka kiganja juu ya boneti, tope likamshika. Ndani ya gari Ritha alikuwa akimsemesha mume wake kwa Kisukuma, taratibu.

"Springi zake si bado zinafanya kazi?" Shamimu aliuliza.

"Zinafanya. Zenyewe hazihitaji injini."

"Basi vuta."

Kilomita zilizobaki za udongo Bujiku aliziendesha kwa gia ya pili. Kubadilisha gia kungelegeza kamba, na kamba ikilegea kisha ikakaza, ule mshtuko ungekwenda moja kwa moja kwenye mgongo wa yule mtu. Kwa hiyo hakubadilisha. Dizeli ililia, joto la injini likampanda kwenye nyayo kupitia bati, sindano ya joto ikaanza kuinuka. Jasho lilimwingia machoni. Kiganja kilichochanika aliking'ang'aniza kwenye usukani mpaka damu ikagandia pale. Nyuma, Shamimu alikuwa amesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili kila palipoteremka, maana injini ikiwa imezima breki huwa ngumu kama jiwe, na alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha kamba haigusi ardhi. Waliongea kwa mikono. Bujiku alitoa mkono dirishani kabla ya kila korongo. Shamimu alimulika, na taa zilipokataa alitumia mkono vilevile.

Karibu na lami pikipiki iliyobeba viroba viwili iliingia barabarani bila kuangalia, ikasimama katikati. Luka alipiga ukelele. Mguu wa Bujiku ulikwenda kwenye breki wenyewe, naye akauzuia. Akishika breki, gari la nyuma lingemgonga. Alilalia honi, akaupeleka Mkonga nje ya njia, kwenye mihogo ya mtu, polepole, kwa duara pana ili kamba ibaki imenyooka, akamzunguka yule mtu wa pikipiki aliyekuwa ameganda mdomo wazi, akarudi njiani. Katika kioo aliona gari jeupe likifuata alama zake juu ya matuta ya mihogo, likiyumba kwa upole. Kisha akaona mkono wa Klara umetoka dirishani, kidole gumba juu.

Lami ilikuwa rahisi zaidi na ya kutisha zaidi, kwa sababu ya malori. Kwenye kituo cha ukaguzi askari wa barabarani aliwasimamisha kwa mbali. Bujiku alipunguza mwendo mpaka wakasimama bila kamba kugusa chini. Askari alikuja na maneno yake tayari, akainama dirishani kwa Shamimu, akamwona Sostenes. Aliwasha pikipiki yake, akatangulia mbele yao hadi hospitali, akiwasogeza watu pembeni.

*

Walikaa kwenye benchi la nje, Bujiku na Shamimu, kiganja cha Bujiku kimefungwa bandeji. Jua la alasiri lilichoma.

"Nilisikia harufu," Shamimu alisema. "Kama kilomita tano za mwisho. Harufu ya kuungua."

"Niliona na moshi," Bujiku alisema. "Nilinyamaza."

"Ungesema nisingekwambia usimame."

"Najua, ndiyo maana."

Shamimu alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakuwa amelia hadi hapo. Bujiku akanunua maji chupa mbili, akampa moja. Halafu alisogea pembeni akampigia simu mke wake. Zipora alipokea, akauliza mbona anapumua hivyo. Bujiku alimweleza habari ya Sostenes, na mto, kisha akamwambia alichokisema mbele ya watu pale zahanati. "Miaka miwili, Baba Mabula," Zipora alisema, "watu wananiita mwoga." Akakata simu. Ilikuwa haki yake, na Bujiku alirudi kwenye benchi akiwa anaijua.

Jua lilikuwa limeinama Ritha alipotoka. Alikuwa na karatasi mkononi na alitembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Mifupa miwili imevunjika, alisema. Mshipa wa mgongo umebanwa, haujakatika. Wanampeleka Mwanza usiku huu kwa gari la hospitali, atapasuliwa kesho. Daktari hakuahidi chochote kuhusu mguu wa kulia. Wa kushoto alisema umeokoka.

Alipiga magoti mbele ya Shamimu, hivi hivi, pale kwenye vumbi. "Wabeja, mayu. Wabeja sana," alimshukuru kwa Kisukuma. Shamimu alimwinua kwa nguvu, akimwambia asifanye hivyo, asifanye, na ndipo wote wawili wakalia.

Fundi wa Geita, Donatus, alifungua giaboksi Jumatatu, akatoa mafuta meusi yenye vipande vya chuma. Haikufaa tena. Gari jeupe lilikaa kwenye uwanja wake hadi mwezi wa saba likingoja giaboksi nyingine, na miezi hiyo Mama Sabiti alirudi kwenye mchele. Bujiku naye alikataa kila safari ya mgonjwa, akawaelekeza watu watafute gari laini. Wengine walimwona anaringa.

Sostenes alirudi mwezi wa nane kwa basi la Mwanza. Alishuka kwa magongo mawili, mguu wa kulia ukiburuta, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Luka alikuja na kiti cha kumbebea. Sostenes alikitazama kile kiti.

"Kikalie wewe," alimwambia, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Ritha alikwenda nyuma yake, hatua moja, mikono ameinyoosha bila kumgusa.